Moshi wa Mara Hausubiri Kiangazi

Ukianika shuka nyeupe Mugumu, mkoani Mara, mwezi wa saba, jioni utaikuta imeandikwa. Vijipande vyeusi vya majani yaliyoungua, vyembamba kama kope, vimetua juu yake, na ukijaribu kukiondoa kimoja kwa kidole kinageuka mstari mweusi usiotoka bila sabuni. Upande wa mashariki, kuelekea Hifadhi ya Serengeti, mbingu imefifia rangi tangu asubuhi. Mzee aliyekaa kwenye benchi la duka hatazami hata mara mbili. "Mbuga inaungua, mura," anasema, na habari imekwisha. Mwezi wa kumi na moja, vuli ikishika, mzee yule yule atavuta pumzi na kusema hewa sasa imesafika.

Kauli hizo mbili ndizo elimu yote ya moshi tuliyo nayo katika wilaya za Serengeti na Tarime. Nimezisikia vijiweni, nimezisikia kwenye mikutano ya kijiji inayoitishwa kuzungumzia moto kichaa, nimezisikia kwa watu waliosoma wenye ramani ukutani. Zimekuwa kalenda: moshi una msimu wake kama ulezi ulivyo na msimu wake, unaingia Juni na kutoka Oktoba, chanzo chake ni nyika, na mwenye kosa ni yule aliyeiwasha. Kalenda hiyo naipinga. Nasema moshi unaowaumiza watu wengi zaidi wa wilaya hizi hauna msimu, una saa. Huja mara mbili kwa siku, siku zote za mwaka, na mvua haiufukuzi, huuongezea nguvu. Sisi tumezoea kuutafuta mbali, kwenye upeo wa macho, na wenyewe uko hatua kumi kutoka kitandani.

Lakini kalenda nayo ina haki yake, nami nitaitendea. Masizi ni kaboni iliyokosa nafasi ya kuungua ikaisha. Moto ukipungukiwa na hewa, au ukiwa na kuni nyingi kuliko joto, sehemu ya kuni hutoka ikiwa chembe nyeusi ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya mikromita moja, ilhali unywele wa kichwa chako una unene wa mikromita kama 70. Chembe hizo zikiwa hewani hukaa siku kadhaa, hata wiki, kabla hazijaanguka au kuoshwa na mvua, na kwa muda huo husafiri mbali. Nchini Rwanda kuna kituo cha kupima hewa juu ya mlima Mugogo, na vipimo vyake vimeonyesha wazi kwamba kaboni nyeusi, yaani kaboni ya masizi hayo, hupanda katika vipindi viwili vya ukavu, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, kisha hushuka mvua zikianza. Katikati ya mwaka moshi huo hutoka kwenye nyika zinazoungua kusini mwa ikweta, Tanzania ikiwamo. Mwaka unapogeuka, hutoka kwenye moto wa kaskazini. Kwa hiyo anayesema kiangazi kina moshi wake hasemi uongo.

Na Serengeti huungua kweli. Huungua zaidi kaskazini, kuelekea Lamai na Kogatende, kwa sababu huko mvua ni nyingi, nyasi hurefuka, na nyasi ndefu zikikauka ni petroli iliyosimama. Tambarare za kusini zenye nyasi fupi haziungui sana, hakuna cha kuungua. Wahifadhi wenyewe huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto wa Septemba ukija usikute kuni. Wafugaji nao, tangu enzi na enzi, wamechoma kwa ajili ya majani mabichi na kuua kupe.

Hapo ndipo kalenda inapoanza kuyumba. Wanaoitegemea huzungumza kana kwamba moto wa mbuga unazidi mwaka hadi mwaka, na kinyume chake ndicho kweli. Miaka ya 1960, ugonjwa wa sotoka ulipoondolewa kwenye ng'ombe waliozunguka hifadhi, nyumbu waliacha kufa kwa wingi. Kutoka kiasi cha robo milioni wakafika milioni moja na laki tatu mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo hiyo yote ilikula nyasi ambazo zingeungua. Eneo lililokuwa likiteketea kila mwaka likapungua sana, miti ikarudi. Kisha watafiti waliopitia picha za setilaiti za mfumo wa Serengeti na Masai Mara kuanzia 2001 hadi 2014 wakakuta idadi ya mioto na ukubwa wa eneo linaloungua vimeendelea kushuka, hadi sehemu nyingine sasa karibu hazioni moto kabisa, na wakaitaja mifugo inayoongezeka kuwa ndiyo sababu inayoelekea. Ng'ombe wamefanya kazi ile ile ya nyumbu. Hawa ndio ng'ombe ambao wachungaji wao tunawalaumu kwa moshi.

Sasa weka kando ya hayo hesabu ya watu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 1,743,830 mkoani Mara. Sensa ya 2022 iliwakuta 2,372,015. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya watu laki sita, na kila kaya mpya imeanza maisha kama zilivyoanza kaya zote zilizoitangulia, kwa kuweka mawe matatu chini na sufuria juu. Nyika inayoungua inapungua, mafiga yanaongezeka, na bado tunajadili nyika.

Wapo watakaoniambia mafiga ni moto mdogo. Heka moja ya nyasi za Lamai ikiwaka hutoa moshi kuliko jiko la bibi yangu kwa mwezi mzima. Nakubali. Ukipima moshi kwa tani, mbuga inashinda. Lakini pafu halipumui tani. Pafu linapumua hewa iliyo mbele ya pua, na swali lenye maana ni kiasi gani cha moshi kinafika hapo, saa ngapi, na kwa muda gani.

Fikiria siku moja ya kiangazi. Moto wa nyika hupamba alasiri, jua likiwa kali na upepo umeamka. Saa hizo ardhi imepata moto, hewa iliyo juu yake imekuwa nyepesi na inapanda, na moshi unapanda nayo hadi kilomita moja, mbili, na zaidi, ukitawanyika kama chumvi kwenye pipa la maji. Upepo wa kutoka Ziwa Viktoria unaingia bara na kuuvuruga zaidi. Ndiyo maana unauona kwa macho ukiwa mbali lakini huusikii kifuani. Jua likizama mambo hugeuka. Ardhi hupoa kabla ya hewa iliyo juu, hewa baridi hulala mabondeni, na juu yake hukaa hewa yenye joto kama kifuniko juu ya chungu. Upepo hufa. Chochote kitakachotoka kwenye moto kuanzia jioni hadi jua lipate nguvu asubuhi hakina pa kwenda. Simama kwenye kilima chochote cha Tarime alfajiri utakiona kifuniko hicho kwa macho yako: utepe wa samawati umenyooka juu ya mapaa ya bondeni, haupandi wala haushuki. Ikifika saa nne umeondoka, na mgeni aliyefika saa tano hatajua ulikuwepo.

Mwendo huu wa saa si wa Mara peke yake. Hata kwenye miji iliyo kandokando ya jangwa, ambako hakuna nyasi za kuungua na hewa imejaa mchanga, masizi hupanda asubuhi na jioni, magari yanapokuwa mengi na hewa imetulia, kisha hushuka mchana. Vumbi hufuata upepo. Masizi hufuata binadamu na kazi zake. Vumbi la barabara zetu za kiangazi linaudhi na linakohoza, lakini chembe zake nyingi ni kubwa, hunaswa puani na kooni. Ukipenga kamasi nyekundu, hilo ni vumbi. Masizi ni madogo kiasi cha kupita kote huko hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na mengine kuingia kwenye damu. Tunapoyaita yote "hali ya hewa ya kiangazi" tunaficha kilicho kibaya nyuma ya kinachoonekana.

Na hata picha za setilaiti, ambazo siku hizi kila mwenye hoja ya moto kichaa huzionyesha, zina saa zake. Setilaiti mbili za Marekani, Terra na Aqua, ambazo kwa miaka zaidi ya ishirini zimetuchorea ramani za moto duniani, zilipangwa kupita juu yetu mchana kiasi cha saa nne na nusu na saa saba na nusu. Ni saa nzuri za kuona nyika ikiwaka. Ni saa mbaya za kuona jiko, maana chai imeshanywewa na ugali wa jioni haujasongwa. Na hata zikipita usiku, chombo kilichotengenezwa kuona nyika inayowaka hakiwezi kuona mafiga chini ya paa la nyasi. Ramani hizo ni za kweli kabisa. Kosa ni letu tunaozisoma kana kwamba pasipo na nukta nyekundu hapana moshi.

Nieleze jiko moja, ili tusiendelee kuzungumza juu ya mawingu.

Ni la shangazi yangu, nyanda za juu za Tarime, nyuma ya nyumba ya bati. Kuta za udongo, paa la nyasi, mlango mmoja, na tundu la dirisha lenye ukubwa wa daftari ambalo huzibwa kwa gunia kukiwa na baridi. Juu ya mafiga kuna uchaga wa kuni, na juu ya uchaga yamening'inia mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kama yametolewa kwenye lami. Nililala hapo usiku mmoja wa Aprili, masika yakiwa yameshika. Saa kumi na moja na nusu niliamshwa na kukohoa, wa kwanza yeye, wa pili mjukuu wake. Nikaenda jikoni na simu mkononi. Nilipowasha tochi mwanga haukufika ukutani. Ulisimama mbele yangu kama fimbo nyeupe ukakatika katikati ya chumba.

Kuni zilikuwa zimelowa. Alikuwa amezianika chini ya upenu siku tatu lakini mvua ya upepo ilizifikia. Alianza kwa majani makavu ya mgomba, yakatoa moshi mweupe mzito na hakuna ndimi. Akachukua kipande cha kandambili kuukuu, akakipachika katikati ya kuni kama utambi. Hapo moto ukashika, na moshi ukageuka mweusi tititi. Alikuwa ameinama akipuliza, na mtoto alikuwa mgongoni. Nilichokiona wakati ule sijakisahau: chini, usawa wa mafiga, hewa ilikuwa na nafuu kidogo, na tabaka zito lilianzia kiunoni kwenda juu. Shangazi akiinama, uso wake unaingia kwenye ile nafuu. Mtoto anabaki juu, kichwa chake chote ndani ya tabaka. Kwenye boriti zilining'inia nyuzi nyeusi nene kama kamba za viatu, utando wa buibui uliovikwa masizi ya miaka, na kila alipopuliza zilitikisika.

Saa tatu asubuhi mlango ulikuwa wazi, jua linaingia, majivu yametulia, kuku anachakura kizingitini. Huo ndio wakati wageni hutembelea. Huo ndio wakati maofisa hupita.

Kuna kipimo cha jambo hili hili kilichofanywa si mbali na sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Majid Ezzati na Daniel Kammen, pamoja na wenzao, walipima moshi katika nyumba 55 za wafanyakazi wa ranchi ya Mpala, Laikipia, nchini Kenya, kwa siku zaidi ya 200, saa kumi na nne kila siku. Badala ya kuacha chombo ukutani na kuchukua wastani wa siku, walifuatilia nani yuko wapi na moto unafanywa nini. Wakakuta kwamba vile vipindi vifupi vya moshi mkali, wakati wa kuwasha, kuchochea na kukoroga, vinabeba asilimia 31 hadi 61 ya moshi wote anaoupata mpishi. Kwa wasiopika, vipindi hivyo hivyo vinabeba asilimia 0 hadi 11 tu. Chombo kimoja, nyumba moja, siku moja, na watu wawili wanaolala chini ya paa moja hawapumui hewa moja. Wastani wa siku humwongopea mwanamke. Na kama wastani wa siku unamwongopea, wastani wa msimu ndio humfuta kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilishusha mwaka 2021 kiwango chake cha chembe ndogo hadi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Linasema katika nyumba zisizopitisha hewa vizuri moshi wa ndani unaweza kuzidi kiwango kinachofaa mara mia. Kwa mwaka 2020 lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani kutokana na moshi wa majumbani, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Hakuna mbuga inayoua namna hiyo.

Turudi kwenye mvua, kwa sababu hapo ndipo kalenda inapofanya dhambi yake kubwa. Mvua huosha masizi ya angani, ndiyo. Lakini masizi mabichi, yaliyotoka motoni sasa hivi, hayashikani na maji. Yana asili ya mafuta, na huchukua saa nyingi, hata siku, kufunikwa na chembe nyingine hadi yawe ya kulowana. Halafu mvua inanyesha juu ya paa, haiingii jikoni. Inachoingiza jikoni ni unyevu wa kuni. Kuni mbichi au zilizolowa hutumia joto lao kukausha maji kwanza, na moto unaofukuta hivyo hutoa moshi mwingi kuliko moto mkavu. Nakiri kwamba moshi huo mweupe una lami na mvuke mwingi kuliko kaboni nyeusi tupu, na anayetafuta kaboni peke yake atapata kidogo kwa kila kilo ya kuni. Kwa pafu haileti faraja. Chembe ni chembe. Ongeza na mlango uliofungwa kwa baridi ya Tarime, tundu lililozibwa kwa gunia, na watoto wote waliojisogeza motoni kwa sababu nje kunanyesha, na utaelewa kwa nini Aprili, mwezi ambao mbingu ni safi kama kioo, ni mwezi mbaya jikoni.

Shangazi yangu alikwenda zahanati moja kwa kikohozi kile. Aliambiwa ni vumbi la kiangazi limekaa kifuani, asubiri mvua zikolee. Mvua zilikuwa zikinyesha nje ya dirisha wakati akiambiwa. Simlaumu aliyemwambia kuliko ninavyoilaumu fikra aliyoibeba, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo tuliyoibeba sote, na siku ile halikuwepo hata swali moja kuhusu anapikia nini na anawasha saa ngapi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba tumekulia kwenye moshi na tuko hai. Waliokulia humo wakafa hawapo kwenye benchi la duka kujibu. Nimonia ya mtoto wa miezi minane haiandikwi "moshi" popote, huandikwa nimonia.

La pili lina uzito zaidi, kwamba moshi una kazi. Unahifadhi mbegu zisitobolewe, unakausha paa lisioze, unafukuza mbu. Mbegu, kweli. Kizazi kwa kizazi mahindi ya uchagani yamevuka hadi msimu mwingine kwa sababu fukusi hapendi masizi, na sitamdharau aliyegundua hilo. Lakini mbegu zinaweza kuning'inia juu ya moto bila mtoto kuning'inia nazo. Paa la bati halihitaji moshi. Na kuhusu mbu, hakuna ushahidi kwamba moshi wa jikoni unapunguza malaria. Chandarua ndicho kinachofanya kazi hiyo.

La tatu huletwa na waliosoma: majiko banifu yalishajaribiwa yakashindwa. Wanamaanisha utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2017, ambapo familia zaidi ya 8,000 zenye watoto zaidi ya 10,000 zilifuatiliwa kwa miaka miwili, nusu zikiwa na majiko ya kuni yenye feni, na nimonia haikupungua. Ni utafiti mzuri na haupaswi kufichwa. Ila usomeni mpaka mwisho. Majiko yaliharibika, watu waliendelea na mafiga kwa vyakula fulani, taka zilichomwa uani, na jiko lenyewe bado lilikuwa la kuni. Wamalawi walituonyesha kwamba kupunguza moshi kwa sehemu tu hakutoshi. Hawakutuonyesha kwamba moshi hauna neno. Anayeuchukua utafiti huo na kurudi nao mbugani kulaumu wachungaji ameruka hatua nzima.

Na tuna mfano wetu wenyewe wa masizi yaliyoondoka bila kungoja msimu. Wengi wetu tulisomea kibatari, na asubuhi pua zilitoka nyeusi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba taa za utambi za namna hiyo hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa kuwa masizi, na masizi hayo karibu yote ni kaboni nyeusi. Moto wa kuni haufiki hapo hata kidogo. Taa ndogo za sola zilipoingia madukani, kibatari kilianza kutoweka nyumba kwa nyumba, kwa sababu taa mbadala ilikuwa nafuu na ilifanya kazi yote ya ile ya zamani. Hayo mambo mawili, bei na kazi yote, ndiyo yanayokosekana jikoni.

Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Naunga mkono yote. Lakini nenda Nyamongo, nenda Mugumu, ingia kwenye nyumba yenye mtungi mdogo wa gesi. Mtungi uko sebuleni, safi, na unachemsha chai ya mgeni. Maharage yako kwenye mafiga, maana yanakula gesi saa tatu. Ugali wa muhogo na ulezi uko kwenye mafiga, maana sufuria ya watu tisa haikai juu ya kichomeo kidogo, na ukiusonga kwa nguvu inavyotakiwa mtungi unacheza. Kaya hiyo itahesabiwa kuwa na nishati safi. Saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni itakuwa ndani ya moshi kama jana. Anayehesabu mitungi bila kuuliza saa anarudia kosa lile lile la kalenda.

Kwa nini tumeishikilia kalenda hii muda mrefu hivyo? Nina maoni yangu na nitayasema. Moshi wa mbuga ni moshi wa wanaume. Una mpaka, una faini, una mshitakiwa, unaingia kwenye ajenda ya mkutano na mwenyekiti anasimama kuusemea. Una watalii wanaolalamika picha zao za nyumbu wakivuka mto Mara zimefifia. Moshi wa jikoni hauna mshitakiwa wala mlalamikaji. Anayeupata ndiye anayeuwasha, na anauwasha ili sisi tule. Ni rahisi zaidi kumkamata mchungaji mmoja mwenye kiberiti kuliko kuubomoa ukuta wa jiko langu mwenyewe na kufungua tundu la moshi juu, kazi ya siku moja na mifuko miwili ya saruji, ambayo wengi wetu hatujaifanya huku tukiwa na pikipiki uani.

Wekeni chombo cha kupimia jikoni, mwezi wa nne, kianze kabla ya jogoo. Muulizeni mama kwenye kadi ya kliniki, palepale panapoandikwa uzito wa mtoto, anapikia nini na mtoto anakuwa wapi moto unapowashwa. Pimeni Mugumu Julai na mpime Tarime Aprili, mlinganishe saa kwa saa, mchana kwa mchana na alfajiri kwa alfajiri. Sina hofu na majibu.

Mwaka huu nilipita tena kwa shangazi kiangazi kikiwa kimekolea. Mashariki kulikuwa kweupe kwa moshi na vijipande vyeusi vilikuwa vikianguka uani juu ya ulezi aliouanika. Nikamuuliza ni mwezi gani moshi unamsumbua zaidi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Wa nne, mwanangu," alisema. "Huu wa sasa si unapita tu juu." Nimehudhuria mikutano mingi ya moto kichaa katika wilaya hizi mbili. Sijawahi kusikia mwanamke akiulizwa swali hilo.